Kitunguu Kinamsuta Kasuku

Wanafunzi wetu hukariri kwamba seli za mimea zina kloroplasti, wakafaulu mtihani. Mimi nasema, wapeni kitunguu. Wabandue utando mwembamba wa ndani ya gamba, wautie tone la iodini, wautazame kwa hadubini. Wataona seli zimepangwa kama matofali, kila moja na ukuta wake na kiini chake. Kloroplasti hawatazipata! Hizo hutengeneza chakula kwa mwanga. Kitunguu ni ghala tu, hukua gizani. Robert Hooke, aliyezipa seli jina mwaka 1665, alitazama kwanza. Wazazi wenzangu, hadubini moja hutumikia darasa zima kwa zamu. Shule isiyo nayo hufuga kasuku.