NGANO NA NYUMBU WA LOITA
Mazungumzo mbele ya wanachama wa tawi



Huenda baadhi yenu mtashangaa kusikia chama cha wafanyi kazi kikizungumza habari za wanyama wa porini. Mmezoea kutusikia tukitaja mishahara, nyumba na likizo. Lakini shamba kubwa la mashine likifika mahali, hugeuza nchi nzima, na kila kilichoishi hapo huondolewa, awe mnyama au awe kibarua. Kwa hiyo sisi pia tumo katika hesabu hiyo. Leo tutachukua mfano mmoja, nao ni ngano ya Narok.

Wale mliofanya kazi upande ule mwaujua Uwanda wa Loita, ulio kaskazini mashariki ya Masai Mara. Ni nchi wazi, yenye nyasi fupi. Watu wengi wamesikia juu ya nyumbu wanaovuka mto Mara kutoka Serengeti, ambao watalii huja na kamera kuwatazama. Hao ni wageni wa miezi michache. Kenya ilikuwa na nyumbu wake wenyewe, kundi kubwa sana, ambao wakati wa mvua walikaa Loita na kuzaa huko, kisha wakati wa kiangazi wakarudi Mara kwenye maji. Jike anayenyonyesha ataka nyasi fupi, mbichi, zenye madini. Nyasi ndefu za Mara wakati wa mvua hazimfai, na tena ndizo ajifichazo simba. Basi Mara ilikuwa nusu ya makao yao, na Loita nusu ya pili. Serikali ililinda ile nusu ya kwanza tu.

Mwaka 1975 ngano ya mashine huko ilikuwa imechukua eka kama 12,000. Ilipofika mwaka 1995 zilikuwa zaidi ya eka 120,000. Iliwezekanaje? Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamasai ardhi kwa vikundi, na baadaye vikundi vingi vikaanza kugawanya ardhi, kila mtu na kipande chake. Mtu akawa na hati mkononi lakini hana trekta. Akaja tajiri mwenye matrekta, akakodi kwa msimu, akalima, akavuna, akaondoka na magunia.

Hatuwalaumu wenye ardhi. Nyumbu hakumlipa mfugaji hata senti moja. Fedha za watalii zilipita juu ya kichwa chake. Tena mfugaji ajua kwamba nyumbu anapozaa huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa kufisha, hata humbidi awahamishe ng'ombe wake mbali na malisho mazuri. Mtu wa namna hiyo akiletewa kodi ya ngano, nani kati yetu angeikataa?

Lakini angalieni hesabu. Mwaka 1977 nyumbu wa Loita na Mara walihesabiwa wapata 119,000. Mwaka 1997 walikuwa 22,000 hivi. Katika kila nyumbu mia, themanini na mmoja hawapo.

Wako waliosema ni ukame, na wako waliosema ni wingi wa ng'ombe. Hapo wataalamu walifanya jambo la akili, wakalinganisha na upande wa pili wa mpaka. Serengeti ina nyumbu wa aina ile ile chini ya mbingu ile ile, na kule Ngorongoro wako wafugaji Wamasai vile vile. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 mwanzo wa miaka ya 1960. Ugonjwa wa sotoka ulipokwisha wakaongezeka kupita milioni moja, na katika miaka ile ambayo wetu walikuwa wakitoweka, wao walibaki wengi. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba upande ule uwanda wao wa kuzalia haukulimwa ngano. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2001.

Wala Narok haikuwa ya kwanza. Uasin Gishu, kabla ya walowezi kufika kwa magari ya maksai mwaka 1908, ilikuwa nchi ya kongoni na twiga. Ngano na mahindi vikaifunika. Kufikia mwaka 1974 wale twiga wa Rothschild waliosalia karibu na Soy walikuwa wachache, na shamba walimokaa lilikuwa likigawanywa. Mmoja, akiwa bado mtoto, alipakiwa garini mpaka Lang'ata, na mwaka 1977 wengine wakapelekwa Ziwa Nakuru.

Sasa tuje kwetu. Twaambiwa siku zote kwamba mnyama akiondoka, mkate na kazi huingia. Mkate? Mpaka sasa Kenya hununua ngano kutoka nje kuliko ile inayolima yenyewe. Na kazi je? Shamba la chai lahitaji mikono mingi mwaka mzima, ingawa huko Kericho nako mashine za kuchuma zimeingia, na mwezi wa Mei 2023 mlisikia zilivyotiwa moto. Ngano yahitaji dereva wa trekta, mpiga dawa, mwendesha kombaini, wapakiaji wa magunia na mlinzi. Majuma machache, kisha kwaherini. Eka zile zile zilizomfukuza nyumbu hazikumweka kibarua mahali pake.

Tangu miaka ya 2000 baadhi ya wenye ardhi karibu na Mara wamekubali kupokea kodi kutoka kwa makampuni ya watalii ili waache nyasi zikae. Kuna kazi humo, za askari wa wanyama, wapishi na madereva. Hatuisifu kupita kiasi: mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia wageni, kazi hizo nazo zilianguka kwa siku chache tu.

Twataka nini basi? Mtu anapotaka kufungua ardhi mpya kwa mashine, aulizwe mbele ya watu ataajiri wangapi na kwa miezi mingapi, na jibu liandikwe. Njia za wanyama ziachwe bila seng'enge, maana njia ikikatwa hairudishwi kwa mkutano. Na mpiga dawa apewe glavu na kifuniko cha uso, kwani dawa iuayo magugu haichagui mapafu.

Ndugu waliofanya msimu uliopita Narok, mleteeni katibu wa tawi barua zenu za kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Aliyeajiriwa bila barua naye aje, aseme alifanya siku ngapi na alilipwa nini.