Mikazo Masalia na Usahihi wa Vipimo katika Uundaji wa Bati Hatua kwa Hatua

Uundaji wa bati hatua kwa hatua hauhitaji kalibu kamili. Bati hubanwa kingo zote kwenye fremu, kisha kifaa chenye ncha ya nusu tufe, aghalabu ya kipenyo cha milimita 6 hadi 25, huligandamiza kidogo kidogo kikifuata njia iliyopangwa kwenye kompyuta. Kila mzunguko ukiisha, kifaa hushuka sehemu ya milimita na kuanza mwingine. Edward Leszak alipata hataza ya wazo hili Marekani mwaka 1967, ila lilianza kutumika kwa dhati baada ya mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta kuenea. Anayehitaji kipande kimoja tu, kama bamba la titani la kuziba pengo kwenye fuvu la mgonjwa, halazimiki tena kugharamia kalibu itakayotumika mara moja.

Kikwazo ni usahihi. Si ajabu kipande kikapishana na mchoro kwa milimita moja, mbili au zaidi, na kazi nyingi za viwandani hudai nusu milimita. Sehemu kubwa ya kasoro hiyo hutokana na mikazo inayobaki ndani ya bati baada ya kifaa kuondoka.

Wakati wowote, ni eneo dogo tu chini ya ncha linalobadilika umbo moja kwa moja. Bati lililolizunguka bado lina unyumbufu na hutaka kurudi lilikotoka. Eneo hilo dogo hupindwa, hunyooshwa na kuvutwa, na mzunguko unaofuata hulipitia tena kwa karibu. Tabaka za upande wa kifaa hazirefuki sawa na tabaka za upande wa pili. Kwa kuwa zimeshikana, moja hubaki imevutwa na nyingine imesukumwa. Kipande kikiwa huru, mivuto na misukumo hiyo lazima ijisawazishe yenyewe. Kikiwa bado kwenye fremu, fremu hubeba sehemu ya mzigo, na hapo ndipo vipimo hudanganya.

Tuseme koni iliyokatwa kilele inaundwa kwa bati la alumini la milimita 1, ukuta ukiwa na pembe ya digrii 60 kutoka mlalo. Unene wa ukuta hukadiriwa kwa kuzidisha unene wa awali kwa kosaini ya pembe, hivyo hubaki takriban milimita 0.5. Ndani ya fremu, ukuta huonekana kukaribia mchoro, ingawa karibu na ukingo bati hupinda kupita mstari kwa kukosa tegemeo, na sakafu huvimba katikati. Boli zikifunguliwa, ukingo hujikunja. Ukingo ukikatwa, mdomo wa koni hubadilika tena. Kasoro hujitokeza kwa awamu tatu, na anayepima awamu ya kwanza pekee hajapima kipande atakachokabidhi.

Pete iliyokatwa kutoka ukutani inaweza kueleza mengi kwa gharama ndogo. Ikipasuliwa mahali pamoja na nusu kipenyo chake kikaongezeka kutoka milimita 50 hadi 52, basi kwa unene wa milimita 0.5 na moduli ya unyumbufu ya gigapaskali 70, mkazo wa kupinda uliokuwa umefungwa kwenye uso wake ni kama megapaskali 13. Mgawanyo wa mikazo katika kina cha bati, hata hivyo, hudai mionzi ya eksirei au kutoboa tundu dogo huku vipima-mnyumbuko vilivyobandikwa kandokando vikisomwa.

Metali hazirudi nyuma kwa kiasi kimoja. Kinachoamua ni uwiano wa mkazo wa kuanza kubadilika umbo kwa kudumu na moduli ya unyumbufu. Chuma laini cha megapaskali 250 chenye moduli ya gigapaskali 210 hutoa takriban 0.0012. Titani safi ya megapaskali 275 na gigapaskali 105 hutoa 0.0026, zaidi ya maradufu. Inasikitisha kwamba metali inayofaa kwa fuvu la mgonjwa ni ngumu kuituliza kuliko chuma laini.

Tiba inayotumiwa sana ni kurekebisha njia ya kifaa: kipande hupimwa, kosa hugeuzwa upande wa pili, kisha kingine huundwa. Njia hii husaidia, lakini huacha mikazo palepale. Kipande kikikatwa au kutobolewa baadaye, umbo huhama upya. Bamba la tegemeo chini ya ukingo hupunguza kupinda kwa pembeni, na kalibu ya sehemu, au kifaa cha pili upande wa chini, huzuia bati kukimbia. Hatua ndogo zaidi za kushuka hulainisha uso, ila huongeza muda na hazihakikishi umbo sahihi.

Dawa inayogusa chanzo ni kupasha kipande joto kikiwa bado kimebanwa, kisha kukiacha kipoe taratibu. Mikazo hulegea ndani ya umbo linalotakiwa, na kufungua boli hakuleti mabadiliko makubwa. Fremu lazima istahimili joto hilo, na alumini iliyopata ugumu wakati wa kuundwa hupoteza sehemu ya ugumu huo. Kwa kipande kitakachobeba mzigo, nguvu iliyobaki hupimwa kabla ya njia hii kuchaguliwa.