Tope Limeondolewa, Hofu Imebaki

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Misaada ilifika: magodoro, unga, baadaye nyumba mpya, na waliojitolea wanastahili shukrani. Lakini aliyezika mke na watoto kwa mpigo hatibiwi kwa godoro. Baada ya janga kama hilo, mvua ikigonga bati usiku, mtoto hukurupuka na kumng'ang'ania mama. Mama naye halali mpaka kunakucha.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu kila anayekumbwa na janga huumia kisaikolojia, na wengi hupata nafuu kadiri muda unavyopita. Wapo wasioipata. Hao ndio tunaowaambia wajikaze, hasa wanaume. Na mara nyingi maumivu yenyewe huja matanga yakishaanuliwa, wageni wakishaondoka, washauri nasaha nao wakishafunga safari.

Halmashauri ziweke mshauri wa kudumu kwenye zahanati za maeneo yaliyokumbwa na maafa, na zimtengee fungu kama zinavyotenga la dawa.