Pale Hesabu Inapokwama

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nadhani mlitarajia niseme juu ya utumishi serikalini. Niwieni radhi. Fizikia niliyoisomea Chuo Kikuu niliiacha nilipoajiriwa, lakini yenyewe haikuniacha.

Nikiwa kidato cha tatu nilimwuliza mwalimu: kama ulimwengu unatanuka, tukirudi nyuma kabisa tutakuta nini? Akaniambia niketi, jambo hilo halimo katika mtihani. Darasa likacheka, nami nikaketi. Leo nasimama tena kwa swali lile lile.

Ukizirudisha nyuma hesabu za nadharia ya mvutano aliyoitoa Einstein mwaka 1915, unafika, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita, mahali ambapo msongamano na joto havina kikomo. Wataalamu hupaita singulariti. Wengine walitumaini kwamba ni kosa la kurahisisha hesabu tu, na kwamba ulimwengu halisi, wenye mabonde na milima yake, ungepakwepa. Mwaka 1970 Stephen Hawking na Roger Penrose walithibitisha kwamba, kwa masharti yasiyo magumu, nadharia ile haina njia ya kupakwepa.

Sasa mimi ni mtu wa mafaili. Faili likinyofolewa kurasa za mwanzo, karani mwaminifu haandiki “shauri lilianzia hapa”. Huandika “kurasa hazimo”. Singulariti ndiyo hiyo: hakuna aliyeiona, ila nadharia imenyamaza.

Na nadharia zilikwisha kukwama hivi zamani. Kwa sheria za kale, elektroni inayozunguka kiini cha haidrojeni ingepoteza nishati na kutumbukia ndani kufumba na kufumbua. Haitumbukii. Chembe ndogo namna hiyo si gololi. Ina tabia ya wimbi, na kadiri unavyoibana mahali finyu ndivyo mwendo wake unavyozidi kuhangaika. Werner Heisenberg alilieleza hilo mwaka 1927.

Je, karibu na singulariti? Mwaka 1995 Gary Horowitz na Donald Marolf walijaribu kwa hesabu kutuma huko wimbi la chembe badala ya gololi. Wakakuta singulariti ambazo gololi ikizifikia hatima yake haijulikani, lakini wimbi huendelea vizuri: hali yake ya kesho yaweza kukokotolewa yote kutokana na ya leo. Nilipoisoma habari hiyo sikulala. Lakini nisiwadanganye. Singulariti nyingine ziligoma hata kwa wimbi, tena wao walishughulikia anga lisilobadilika kwa wakati, na hili letu linatanuka. Katika sekunde iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 43, mvutano wenyewe wahitaji nadharia ya kikwanta, na iliyothibitishwa kwa majaribio bado haipo.

Kijana mmoja wa kidato cha pili ameniuliza pale mlangoni, kabla sijaingia, kama wakati nao ulikuwa na mwanzo. Nimemwahidi kwamba baada ya chakula tutakaa chini ya mwembe. Karatasi ninazo. Anayetaka kuja, aje na kalamu yake.