Dalali wa Nyumba na Mashamba: Je, Yafaa Kumtumia?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, wenyeviti wa vijiji na walimu



Nimeombwa niseme habari za dalali wa nyumba na mashamba, kama yafaa mtu amtumie auzapo au anunuapo, au kama ni heri aende mwenyewe. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika maneno ya watu wengine. Hati nyingi za mauziano zimepita mikononi mwangu, na katika hizo nimeona jambo moja likirudi mara kwa mara, nalo ndilo nitakalolishika zaidi leo: shamba moja kuwa na bei mbili.

Jina hili la dalali tumelipata kwa Waarabu, na kazi yenyewe ni ya zamani katika miji ya pwani. Hata leo, mtu akienda asubuhi katika soko la samaki la Feri mjini Dar es Salaam, atasikia samaki wakinadiwa. Bei hutajwa kwa sauti kuu. Mvuvi yupo, anasikia; mchuuzi yupo, anasikia; hata mpita njia asiyenunua kitu anasikia. Kazi ikiisha, ujira wa mnadi, ambao watu wa pwani huuita udalali, hutolewa mbele ya macho ya wote. Lakini dalali wa mashamba aliyetufikia siku hizi hanadi kitu. Yeye hunong'ona. Mwuzaji yuko kijijini, mnunuzi yuko mjini, na yeye amekaa katikati na simu zake mbili, wala wale wawili hawajapata kuonana.

Sababu za kuja kwake zajulikana. Mji wa Dar es Salaam umepanuka kwa kufuata barabara ya Morogoro, na mashamba ya mihogo na mikorosho ya Kibaha, Mlandizi hata Chalinze yamekatwa kuwa viwanja. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huko kweli, watu waliokuwa wakiona uchungu kulipia ekari moja ya ardhi ile kavu wameanza kuitafuta kwa taa. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yaenda kutoka Dar es Salaam hata Dodoma, basi kila penye kituo watu huuliza bei ya ardhi. Mnunuzi wa mjini hamjui mwenye shamba, na mwenye shamba hamjui mnunuzi. Mtu awajuaye wote wawili hawezi kukosa kazi.

Sitaki mnifahamu kwamba nawatukana madalali wote. Kazi yao ina faida, na mtu mwenye haki atakiri. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Songea kwenda Tanga akitaka kununua kiwanja huko, ataanza wapi? Akienda mwenyewe atapoteza siku na nauli, atazunguka juani, na mwisho atauziwa na mtu wa kwanza atakayemwona. Dalali mzuri anajua ni nani anayeuza na kwa sababu gani, anajua mahali panapojaa maji wakati wa masika, na anajua kiwanja cha jirani kiliuzwa kwa bei gani mwaka jana. Ujuzi huo ni mali, na mwenye kuutoa astahili kulipwa. Kadhalika mtu aliye mbali anayetaka kuuza nyumba aliyorithi mjini hawezi kukaa mlangoni kila siku akingojea wateja.

Sasa tuje kwenye bei mbili.

Tuseme yuko mama mjane mwenye ekari nne kando ya barabara. Ana mtoto anayetaka ada ya chuo. Dalali anafika, anasalimu kwa adabu, anauliza, “Mama, shamba hili unataka ngapi?” Mama anafikiri, anasema shilingi 12,000,000. Dalali anajibu, “Vema, nitakutafutia mtu.” Anaporudi mjini anamwambia mnunuzi kwamba mama anataka shilingi 18,000,000 na hapungui. Mnunuzi anakubali. Zile 6,000,000 zilizoongezwa ndizo wanazoziita “cha juu”. Tena mara nyingi dalali huyo humdai mama udalali wa asilimia 10 ya zile alizopokea, yaani 1,200,000. Mama amebakiwa na 10,800,000, na mtu ambaye hakupata kulima hata tuta moja katika shamba lile ameondoka na 7,200,000.

Fanyeni hesabu kwa njia ya pili. Kama bei ya 18,000,000 ingetajwa mbele ya wote, na dalali akapewa asilimia 10 iyo hiyo, angepata 1,800,000, ambao ni ujira mkubwa kwa kazi ya siku chache, na mama angepata 16,200,000. Tofauti kwa mama ni shilingi 5,400,000. Hiyo ndiyo ada ya mtoto. Kwa hiyo mtu akiuliza kama dalali ni ghali, mimi humwambia kwamba asilimia 10 iliyosemwa wazi ni rahisi kuliko dalali asemaye, “Mimi sitaki kitu kwako, mama, nitajitafutia huko huko.” Neno hilo ndilo la kuogopa.

Wako watakaouliza, je, sheria yasemaje? Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina maneno juu ya wakala na yule aliyemtuma. Kwa kifupi, wakala anapaswa kumtolea hesabu aliyemtuma, na fedha alizopokea kwa niaba yake ni za huyo aliyemtuma, akiisha kukata haki yake. Na ikiwa wakala amejinunulia mwenyewe kwa siri, akijifanya kwamba mnunuzi ni mtu mwingine, aliyemtuma aweza kuyakataa mauziano ikiwa alifichwa jambo kubwa kwa hila, au ikiwa shughuli ile imemtia hasara. Lakini angalieni sana. Watu wetu wana desturi ya kumwambia dalali kizingitini, “Wewe nipe zangu milioni 12, zinazozidi ni zako.” Ukiisha kusema hivyo mbele ya mashahidi, kisha ukaenda barazani kulalamika, utaulizwa, “Si wewe uliyekubali?” Maneno hayo mepesi yamewagharimu watu wengi kuliko wizi wenyewe.

Bei mbili humdhuru na mnunuzi pia, ijapokuwa yeye hajui. Mara nyingine nimeletewa karatasi ya mauziano yenye 12,000,000, kwa kuwa ndizo mama alizozipokea, na mnunuzi anakubali kutia sahihi kwa sababu ameambiwa kwamba bei ndogo katika karatasi itapunguza kodi. Siku itakapodhihirika kwamba shamba lina mgogoro, na mnunuzi akadai arudishiwe fedha, karatasi itasema 12,000,000. Zile 6,000,000 atamdai nani? Dalali hakutia sahihi popote. Labda hata jina lake la kweli halijulikani, ila lile lililoandikwa katika simu: Dalali wa Kituoni. Na hiyo kodi yenyewe, kudanganya bei ili kuikwepa ni kosa, wala haifai mtu aingie kosani kwa ushauri wa mtu asiyeweka sahihi yake.

Hapa nataka niseme neno juu ya vyeti. Mthamini wa ardhi ana sheria yake ya mwaka 2016 ya kumsajili. Dalali wa mahakama, yule anayeuza mali kwa amri ya hakimu, ana kanuni zake za mwaka 2017. Jirani zetu wa Kenya wana sheria ya kuwasajili mawakala wa nyumba na ardhi, na bodi ya kuwaangalia. Lakini dalali tunayekutana naye chini ya mwembe, mara nyingi ofisi yake ni ubao uliopigiliwa misumari juu ya mti, wenye namba ya simu. Huenda ni mtu mwema sana. Lakini akiuhama mti ule, hamna pa kumwuliza.

Basi kwa mnunuzi nasema hivi: mtumie dalali akuonyeshe njia, bali usimtumie akuthibitishie mwenyewe ni nani. Hayo ni mambo mawili. Dalali hulipwa mauziano yakitimia, hivyo hana faida yo yote kukuambia kwamba shamba lina kesi. Kama ardhi ina hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati ukaombe upekuzi, uone jina lililoandikwa, na kama imewekwa rehani benki. Kama ni ardhi ya kijiji, kumbuka Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999: mtu asiye mwanakijiji hahamishiwi shamba bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na sahihi ya mwenyekiti peke yake aliyofuatwa nyumbani kwake jioni si idhini ya Halmashauri. Wenyeviti mlioko hapa mwalijua hili kuliko mimi, nami nawaomba msitie sahihi mahali pasipo kikao. Ukidaiwa fedha yo yote ofisini, omba risiti. Zungumza na majirani wa pande zote nne, kwa maana wao ndio wanaojua mpaka ulikopita kabla ya mtu kung'oa minyaa.

Na ikiwa ni nyumba wanamokaa mume na mke, uulize na mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mmoja wao kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Dalali aweza kukuambia, “Haya, mzee amekwisha kubali, mama yuko safarini.” Mngojee mama arudi safari.

Katika mambo mengine dalali si wa lazima kabisa. Kumwuzia jirani aliyepakana nawe hakuhitaji mtu wa tatu. Nendeni wawili kwa wazee, kisha ofisini. Lakini watu wetu huona haya kutajiana bei uso kwa uso, hasa wakiwa ndugu, hata humleta mtu wa kuwasemea, na haya hiyo hulipiwa kwa fedha taslimu. Kwa habari ya vyumba vya kupanga mjini, desturi ya Dar es Salaam ni kumpa dalali kodi ya mwezi mmoja, tena wengine hutaka fedha ya kukupeleka tu kuona, hata usipokipenda chumba. Mtoto wenu aendaye mjini kutafuta kazi aulize kwanza kama yuko mtu wa kwao huko, maana akilipa kodi ya miezi sita mbele, na ya dalali juu yake, mfuko wake utakwisha kabla hajanunua godoro.

Ikiwa umeona yakupasa kumtumia, patana naye kabla hajaondoka nyumbani kwako. Iandikwe karatasi moja fupi yenye jina lake kamili na namba ya kitambulisho chake, bei usiyotaka kushuka, asilimia utakayompa, na neno hili, kwamba bei yo yote itakayopatikana ni yako wewe mwenye mali, na kwamba utaonana na mnunuzi kabla fedha hazijatolewa. Mkae watatu, mnunuzi aseme kwa kinywa chake anatoa ngapi. Fedha zipite benki ziende kwa mwenye mali, na dalali apokee haki yake baadaye kutoka mkononi mwako, akutilie sahihi kwamba amepokea. Dalali wa kweli hatakataa, kwa sababu apendalo ni kuitwa tena na jirani yako. Anayekataa usionane na mnunuzi amekwisha kukujibu.

Nasikia kwamba wako humu ndani wawili watatu wenye kuifanya kazi hii ya udalali. Nitafurahi wakisimama sasa waseme na wao, kwani mambo ya wanunuzi wanaopita nyuma yao ili wasiwalipe haki yao sikuyataja, nayo yapo. Mwenyekiti, nakurudishia kikao.