Bibi Alice Ball na Mafuta Mazito

Leo nitawapasha habari za mwanamke mmoja, Mmarekani Mweusi, aliyekuwa bingwa wa kemia. Kemia ni elimu ya vitu: vimefanyizwa kwa nini, na vikichanganywa hugeuka kuwa nini.

Jina lake Alice Ball. Alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Seattle. Siku zile kwao, mtu mweusi kupata elimu ya juu ilikuwa taabu. Kwa mwanamke taabu mara mbili. Alijifunza elimu ya dawa, kisha akavuka bahari mpaka visiwa vya Hawaii. Mwaka 1915 akapata shahada ya pili ya kemia katika chuo cha huko. Kabla yake, hapana mwanamke wala mtu mweusi aliyekuwa ameipata hapo. Akapewa kazi ya kufundisha.

Sasa sikilizeni habari ya ukoma. Katika visiwa vile mgonjwa wa ukoma alitengwa na watoto wake, akapelekwa Kalaupapa, mahali palipozungukwa na bahari na majabali marefu. Wengi hawakurudi. Dawa iliyokuwako ni mafuta ya mbegu za mti uitwao chaulmoogra. Ukiyanywa, unatapika. Ukidungwa sindano, yanaganda chini ya ngozi kama vidonge, na maumivu yake ni makali. Ninyi akina mama mnajua: mimina mafuta katika maji, yataelea tu. Na damu ina maji mengi.

Daktari Harry Hollmann akamwomba Bibi Ball msaada. Akawa anafundisha, na saa zilizobaki anashughulika na mafuta. Alizitoa asidi zilizomo ndani yake, akaziunganisha na spiriti, akapata dawa nyepesi ambayo mwili uliweza kuipokea kwa sindano. Hakuwa amefika hata miaka 25.

Alikufa tarehe 31 Desemba 1916, kabla ya kuichapisha kazi yake. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, akaiendeleza, akaichapisha, wala hakumtaja. Watu wakaiita njia ya Dean. Mimi nauita huo wizi, ijapokuwa hapana mlango uliovunjwa. Mwaka 1922 Daktari Hollmann akaandika wazi kuwa njia ile ni ya Ball, lakini wachache walimsikia. Dawa yenyewe ilitumika mpaka miaka ya 1940, zilipopatikana dawa bora. Chuo kiliweka kibao cha kumkumbuka mwaka 2000, chini ya mti wa chaulmoogra.

Wako na wengine. Bibi Euphemia Haynes, mwalimu wa Washington, alipata udaktari wa hesabu mwaka 1943, wa kwanza kati ya wanawake weusi wa Marekani. Udaktari huu si wa kutibu, ni cheo cha elimu. Naye alikuwa amekwisha pita miaka 50, ninyi mnaosema mmezeeka! Marie Daly alipata wa kemia mwaka 1947. Habari zake tutazisoma juma lijalo.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni 2000, toeni 1916. Mtapata miaka ambayo jina la Bibi Ball lilingojea kibao kile.