Wakfu wa Msikiti ni Amana ya Wanaokuja

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twapenda kusema juu ya mali ya msikiti na madrasa: vipi tutaihifadhi iwafae watakaokuja baada yetu, na vipi tutaisimamia kwa uadilifu.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipata ardhi huko Khaybar, wala hakuwa na mali aliyoipenda kuliko hiyo. Akamwendea Mtume kutaka shauri. Mtume akamwelekeza aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake. Basi akaiweka wakfu: isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Mazao yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Msimamizi akaruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali. Zingatieni: asili haiguswi, wenye haki wanajulikana, na msimamizi amewekewa mpaka.

Sasa tuitazame nchi yetu ya Kasulu na Kibondo. Mwenyezi Mungu ameijaalia mvua, chemchemi na misitu ya miombo. Lakini kuni zinazidi kuwa mbali. Ndugu waliokimbia vita vya Kongo walipokewa Nyarugusu tangu mwaka 1996, na waliotoka Burundi wakapokewa Nduta mwaka 2015. Kila chungu kilichotelekwa, chao na chetu, kilihitaji kuni. Wala tusiwalaumu wageni peke yao, kwani nasi wenyeji tumefyeka mashamba, tumechoma matofali na mkaa.

Zamani tulisomesha katika madrasa moja ya milima hii. Jina lake hatulitaji. Mzee mmoja aliiachia wakfu shamba lenye miti, ili faida yake iezeke paa na kuwanunulia watoto misahafu. Kila mtu alikuwa na nia njema. Leo ukakatwa mti kwa ajili ya Maulidi, kesho kwa ajili ya mgeni, keshokutwa kwa deni lisiloandikwa. Nasi tulikuwa miongoni mwa wajumbe. Tuliona, tukanyamaza kwa kuogopa kumfedhehesha mwenzetu. Haikupita miaka mingi, shamba likawa visiki, na watoto wakasoma huku wakinyeshewa. Hatusemi kwamba palikuwa na mwizi. Twasema kwamba hapakuwa na daftari, wala mtu wa kuuliza.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, aya ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha tuandike deni na tuweke mashahidi. Ikiwa deni la watu wawili laandikwa, je, mali ya mayatima na ya jamaa nzima? Na Mtume alimkemea hadharani mkusanyaji wa zaka aliyejitengea zawadi alizopewa kazini.

Basi nia njema na tuitie mkononi. Kwanza, kamati iyaandike masharti ya wakfu, na nakala iwekwe mahali ambapo kila mwenye kutaka ataisoma. Pili, fedha zisishikwe na mtu mmoja, na mapato na matumizi yasomwe baada ya sala ya Ijumaa kila miezi mitatu. Tatu, usikatwe mti mpaka kamati iafikiane, na miche ya kuchukua nafasi yake iwe imekwisha kupandwa. Nne, chakula cha wanafunzi kipikwe kwa majiko yanayobana kuni, na maji ya paa la msikiti yakingwe kwa kutawadhia. Na kila jambo katika haya liwe na mtu mmoja wa kuulizwa, na siku ya kuulizwa.

Asiseme mtu kwamba umri wake haufiki kuona kivuli cha mti huo. Mtume ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyonyamazia, atupe wasimamizi waaminifu na ndimi za kuuliza kwa adabu, na aijaalie amana hii iwafikie watoto wetu hali ni kamili. Amin.